Picha ya Kipimo

Fundi cherehani aliyejulikana mtaani kwa jina la Mama Pindo hakuwa na mdomo wa kutoa siri. Miaka ishirini alipima viuno vya wanawake, na hakuna aliyewahi kusikia kwake kiuno cha mwenzake. Hata la kwake hakulisema: alipokatwa titi la kushoto kwa saratani, alijua dada yake tu.

Akaagiza titi la bandia kwenye duka la mtandaoni. Mteja mwingine angechagua dogo, la kati au kubwa, lakini fundi haamini saizi za dukani. Alijizungushia futi yake ya kupimia, ile ya njano yenye kiraka chekundu, akakipiga picha kifua na kuituma.

"Usijali, mama, ni kwa ajili ya kipimo tu," muuzaji alimjibu. Titi likaja, likamkaa sawasawa.

Mwezi mmoja baadaye, mwalimu aliyekuja kuchukua sketi yake alifunga mlango kwanza.

"Mama Pindo, usinichukie. Hii si futi yako?"

Kwenye simu kulikuwa na tangazo la duka lile: kifua chake, futi yake, na maneno "Wateja wetu wamerudi kuwa wanawake kamili."

Mama Pindo akakalia kitambaa cha mteja bila kuangalia.

"Nani mwingine ameiona?"

Mwalimu akatazama sakafu. "Imo kwenye kundi la wazazi wa shule."

Mama Pindo akampigia muuzaji.

"Mama, mbona uso hatukuuonyesha?"

"Futi yangu inajulikana kuliko uso wangu!"

"Basi tunaifuta. Na tutakupa jingine bure, usipotushtaki."

"Jingine la nini? Au mnalitaka na hili lililobaki?"

Katika ofisi ya kulinda taarifa binafsi, ofisa alimweleza kwamba sheria inamruhusu muuzaji kuitumia picha kwa kazi ile tu aliyopewa. Kuitangaza bila ridhaa ya mwenyewe ni kosa, uso uwepo usiwepo. Ila lalamiko linataka ushahidi.

"Utatuachia picha, mama. Itaonwa na watu watano tu."

Mama Pindo alicheka kicheko kikavu. Tu! Neno lilelile la muuzaji. Akaitoa simu, akailaza mezani kifudifudi, kiganja juu yake.

"Niandikie kwanza majina yao," alisema.