Mbegu Tuliyoila

Nilipokuwa darasa la tatu nilipika mbegu ya mtu. Naanza na hilo kwa sababu nimejaribu kuanza kwingine mara nyingi, kwenye baridi ya Sumbawanga, kwenye moshi wa jiko la Bibi, na kila mara nafuta. Mimi ni mtu wa kufuta. Natengeneza simu mjini, ufundi niliojifunza mwenyewe kwa kuharibu, na mezani kwangu skrubu zimepangwa kwa ukubwa. Moja ikikaa vibaya situlii. Acha niseme kosa kwanza, nisije nikakimbia.

Mwezi uliopita nilikwenda Pito kumsaidia mama kuhamisha vitu vya nyumba ya Babu na Bibi. Nyuma ya mlango wa ghala nilikuta mtungi mmoja, mdomo umemeguka. Nikaingiza mkono. Ndani mlikuwa na majivu tu, lakini harufu ilikuwa ile ile.

Zamani mitungi ilikuwa mitatu. Bibi ndiye aliyeifinyanga, Babu ndiye aliyebeba udongo, na miaka yote niliyoishi nao walibishana ni ya nani.

"Bila udongo wangu ungefinyanga nini? Upepo?" Babu alisema.

"Na udongo wako bila mimi ungekuwa nini? Tope," Bibi alimjibu, kisha kila mmoja akaendelea na kazi yake, kama watu waliokwisha kusalimiana.

Mitungi hiyo ilikuwa ya mbegu za maharage. Baada ya mavuno kila nyumba ya jirani ilileta bakuli moja la maharage yake, na Bibi aliyamimina yote pamoja: mekundu, ya njano, yenye madoa, marefu, ya duara. Aliyachanganya na majivu, akaziba midomo ya mitungi kwa udongo. Kisha mwezi wa pili, watu walipoanza kutengeneza intumba, yale matuta yetu ya duara ambayo ndani yake unafukia nyasi zioze na juu yake unapanda maharage, yeyote aliyepungukiwa alipata mbegu pale.

Nasema alipata, sisemi aliomba. Hiyo ilikuwa kazi ya Babu. Alizunguka na fimbo yake akichungulia mashamba, akijua nyumba ipi ilipigwa na mvua na ipi ilikuwa na mgonjwa msimu wa kulima. Akifika hakusema amekuja kuwasaidia. Alikaa, akanywa togwa, akalalamika kuhusu goti, halafu wakati wa kuaga akasema, "Jamani, mwenzangu amezidiwa na mbegu. Panya watazimaliza. Njooni mtupunguzie." Watu walikuja wakiwa wameinua vichwa. Bibi alipima kwa kiganja, na hakuandika popote.

Sasa, mwalimu wetu wa kilimo alikuwa ametufundisha kwamba mbegu bora ni safi, kubwa, na ya aina moja. Nililiandika hilo kwa wino mwekundu na kulipigia mstari kwa rula. Januari ile Bibi aliitwa kwa binti wa kaka yake aliyejifungua, akae naye siku nne. Akanifungulia mitungi, akaniachia ungo na maneno machache: "Chagua mabovu, utoe."

Nilichagua siku tatu. Nilitoka shule nikakimbia. Siku ya kwanza nilitoa yaliyotobolewa na fukusi, kama nilivyoambiwa. Siku ya pili nikaona madogo yanaharibu sura ya makubwa, nikayatoa. Siku ya tatu nilitoa yote meusi. Yalikuwa madogo, yamekunjamana kidogo, kama mavi ya mbuzi yaliyokauka, na yalinikera machoni. Mitungi ilibaki na maharage mekundu na ya njano, makubwa, yanayong'aa. Sijawahi kujisikia vizuri vile. Yaliyotobolewa niliwapa kuku. Yale madogo na meusi nikayainjika kwenye sufuria kubwa, ili Bibi akirudi akute mboga tayari.

Alirudi amechoka, jikoni kumejaa moshi. Tulikula na ugali wa ulezi. Mchuzi ulikuwa mweusi na mzito, nami nilikuwa nimeweka kipande cha samaki mkavu, mgebuka wa Kasanga. Babu aliomba aongezwe, mara mbili.

Wiki mbili baadaye alikuja mama jirani. Nyumba yake ilikuwa ya pili kutoka kwetu, na mumewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Alipiga hodi, akapiga magoti kidogo kumsalimia Bibi, akafungua pindo la kitenge chake.

"Mama, ya kwangu yote yameliwa na fukusi. Nimefuata yale meusi ya marehemu."

Hapo ndipo nilipojua. Maharage meusi alikuja nayo mumewe kutoka kwao alikozaliwa, chini huko bondeni upande wa ziwa. Yeye ndiye aliyeyaleta kwenye mitungi ya Bibi, bakuli lake kila mwaka. Alikuwa hakuacha picha. Hakuacha mtoto.

Bibi aliingiza mkono kwenye mtungi wa kwanza hadi kwenye kiwiko. Akautoa. Akaenda wa pili, wa tatu. Mama jirani alisubiri, pindo likiwa wazi.

"Nani amegusa mbegu hizi?" Bibi aliuliza.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilijibu kwa fahari. "Mimi, Bibi. Nilizisafisha."

Babu aliyekuwa akinoa jembe mlangoni aliacha. "Kwa hiyo ile mboga..."

"Ndiyo, Babu."

Alilaza jembe chini. "Na mimi nikaomba niongezwe," akasema.

Mama jirani alifunga tena pindo lake, likiwa tupu, akalikaza fundo kana kwamba kuna kitu ndani. "Basi, mama," akasema, akaondoka. Mpaka leo nikilikumbuka fundo lile natafuta kitu cha kushika.

Nilitegemea fimbo. Badala yake asubuhi Bibi alichukua ungo, Babu akachukua mkongojo, na wote wawili wakanisimamisha katikati yao. "Miaka yote tumegawa mbegu mchanganyiko," Bibi alisema. "Meusi yatakuwa yameingia nyumba nyingi. Tunakwenda kuyatafuta. Na wewe ndiye utakayesema."

Afadhali fimbo. Mimi nilikuwa mtoto ambaye hata nikitumwa chumvi kwa jirani nilirudi njiani kwa aibu.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mama muuza samaki. "Shikamoo mama," nilisema nikitazama vidole vya miguu yangu. "Nilisafisha mitungi ya Bibi, nikala mbegu ya mama jirani. Tunaomba meusi kama yapo."

Alicheka hadi akashika nguzo. "Hebu njooni mumwone Bwana Shamba! Bwana Shamba amekula mbegu! Hukushiba samaki zangu?" Lakini alikwisha kumwaga maharage yake kwenye ungo, na Bibi na Babu wakainama, vichwa vikigusana, wakichambua. Babu macho yalikuwa hayaoni vizuri. Kila alichookota alimwonyesha Bibi. "Hili?" "Hilo jiwe, mzee." "Na hili?" "Hilo ndilo." Tulipata manne.

Tulitembea siku mbili. Nyumba moja matatu, nyingine hakuna, nyingine saba. Kila mahali nilisema maneno yale yale, na kila mahali jina la Bwana Shamba lilikuwa limefika kabla yangu. Watu walitukana kwa kucheka, wakatupatia togwa, wakatoa walichokuwa nacho. Hakuna aliyeuliza kwa nini wazee wawili wanahangaika na maharage ya mtu mwingine.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mfugaji, mgeni aliyehamia na ng'ombe wake kutoka kanda ya ziwa, mbali kaskazini. Alipofika mara ya kwanza hakuwa na mbegu, na Babu alimfanyia ile hadithi yake ya panya. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akatoka na kibuyu. Alipomimina, ungo ulikuwa na weusi kila mahali.

"Kwetu sikuwahi kulima maharage," alisema. "Sikujua lipi zuri lipi baya. Nilipanda yote mliyonipa, na kila mwaka narudisha yote ardhini."

Bibi alikaa chini kwenye vumbi, akafunika uso kwa khanga.

Tulijaza kikombe cha chai. Nilikipeleka mwenyewe. Mama jirani alikipokea kwa mikono miwili, akatazama ndani, kisha akanitazama.

"Wewe ndiye uliyeyala?"

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Yalikuwa matamu?"

Nilifikiri kudanganya. "Matamu sana."

"Hata yeye alikuwa anasema hivyo," akasema. Akachota kiganja kimoja, akanirudishia. "Kamwambie Bibi arudishe kwenye mtungi."

Bibi alifariki, na Babu hakuimaliza miaka miwili baada yake. Mtungi mmoja ulipasuka, mwingine sijui ulikwenda wapi. Kule Pito watu bado wanalima, lakini mbegu zinanunuliwa dukani kwenye pakiti, safi, kubwa, za aina moja, kama daftari langu lilivyosema. Hazina kosa. Ila siku hizi sijui kama jirani yangu amekosa mbegu, kwa sababu hakuna anayezunguka kujua.

Ninakaa Izia, na pembeni ya nyumba nimekodi kipande cha shamba. Maharage yangu, uzao wa mbegu za Bibi, yako kwenye dumu, yamechanganyika, na meusi yamo. Nachagua yaliyotobolewa tu. Msimu uliopita nilingoja aje mtu kuomba, hakuja. Mwaka huu niliyabeba kwenye mfuko, nikatoka. Nyumba ya kwanza nilipita mara mbili kabla ya kusimama. Nikapiga hodi, nikakaa, nikanywa nilichopewa, na wakati wa kuaga nikasema nimezidiwa na mbegu, panya watazimaliza.

Zamani nilikuwa naogopa mlango wa mtu. Sasa napiga hodi.