Hodi kwa Zimwi la Moto

Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Lakini mwaka ule kaka yangu alinikosea, na hata leo sibadilishi neno.

Walikuja wageni wa posa nyumbani kwetu Mikindani. Mama kapika pilau, nami nimetulia jikoni, shingo nimeiinamisha nionekane mpole. Kaka akawakaribisha vizuri, kisha akawauliza mbele ya wote: "Huyu dada yangu ni moto. Maji ya kumzima mmebeba?" Wakacheka mpaka machozi. Wakala, wakaaga, hawakurudi. Labda walikuwa na sababu zao, lakini nimlaumu nani, pilau?

Nikamnunia miezi saba. Chumvi nilikuwa naiomba kwa mama, naye kaka amekaa ubavuni mwangu na kibakuli chenyewe kiko mbele yake.

Shida ni kwamba kila Jumapili baada ya kanisa tulikuwa na mchezo wetu. Nilifundishwa na mwenzangu wa kiwandani: mmoja husimulia dunia ya kubuni, yenye mapango na mazimwi, wengine huwa mashujaa ndani yake, na dadu la pande ishirini huamua nani apige na nani apigwe. Msimulizi ni mimi. Mashujaa ni kaka na marafiki zake wawili. Kuuacha mchezo hakuna aliyetaka, basi nikawa namsemesha shujaa wake tu: "Mwenye shoka anafanya nini?" Mwenyewe simtazami.

Jumapili moja nikawaletea zimwi la moto. Nilikuwa nimelitunga wiki nzima, kwa mapenzi. Mwili wote ndimi za moto, nywele moshi mtupu, linakaa peke yake pangoni na kulinda mlango ambao lazima wapite. Shoka haliliumizi. Maji ndiyo kabisa, yanalizidisha. Kaka akalimwagia mtungi wake wote. Nikamchoma kwa raha zangu, mpaka akabakiwa na uhai wa pigo moja tu.

Mama alikuwa pale pale sebuleni, anachambua mchicha.

"Huyo mwampigia nini?" akauliza.

"Analinda mlango, mama," kaka akajibu.

"Mlango wa nani?"

"Wake."

"Na mlipiga hodi?"

Rafiki mmoja akaanza kupekua kitabu cha kanuni. Lo, aibu! Watu wazima, tumezaliwa na kulelewa huku huku, na nyumbani kwa mtu tumeingia na mashoka.

"Basi pigeni hodi," mama akasema. "Mara tatu. Asipoitika, mrudi zenu, ndivyo watu wanavyoingia kwa watu." Kisha akamtazama kaka, hakumtazama mwingine. "Wewe uliyemwaga maji, anza wewe."

Hapo nikamwelewa mama. Kaka naye alimwelewa, maana dadu aliliweka mezani.

"Hodi!" akaita, kwa sauti nene ya shujaa. Marafiki zake wakaangua kicheko.

"Hodi." Safari hii hakuigiza. Nikajitia kupanga karatasi zangu. Mungu wangu, nilitaka kuitika, na nilitaka vilevile asimame hapo nje kidogo, ajue jua linavyochoma. Lakini nilikuwa na hamu naye. Nyumba nzima hakuna mwingine anayeweza kunichokoza nikacheka, na miezi saba bila kuchokozwa ni mingi.

Mikono ya mama ilikuwa imetulia juu ya mchicha. Ilibaki hodi moja. Nisipoiitika, angerudi zake, na nilijua mama hatatuletea nafasi nyingine kama ile. Kaka hakuwa akilitazama pango nililolichora kwenye karatasi. Alikuwa ananitazama mimi.

"Hodi, dada'ngu," akasema. "Yale maneno ya siku ile sikupaswa kuyasema mbele ya wageni. Wala nyuma yao. Nisamehe."

Marafiki zake wakainamia kitabu cha kanuni kana kwamba wana mtihani kesho. Nikamwacha asubiri kidogo. Kidogo tu, haki yangu ile.

"Karibu," nikasema. "Lakini huo mtungi uache nje."