Anayemeza na Anayetema

Kwanza nilisikia mlio. Nilikuwa nimesimama barazani kwenye nyumba ya mapadri, mwendo mfupi kutoka Nshamba, nimeshika vyeti vya ubatizo vinavyosubiri sahihi, na mlango wa chumba cha kulia ulikuwa umefungwa. Ndani kitu kililalamika polepole, kama mguu unaovutwa kutoka kwenye tope, kisha kikaachia ghafla: po! Halafu kimya. Halafu sauti ya padri mzee, ya chini, kama ya mtu anayemsemesha mgonjwa aliyezimia:

"Bado upo?"

Nilisukuma mlango nikamkuta amechomeka pua yake kubwa ndani ya bilauri, macho ameyafumba. Juu ya meza palikuwa na chupa nyeusi na kizibo kilicholowa wekundu upande mmoja.

"Sisikii kitu," akaniambia. "Njoo wewe. Una pua?"

"Ninayo, Padri."

"Kila mtu anayo. Nauliza kama inafanya kazi."

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimetoka seminari bila kuwa padri, na parokia ilinipa kazi ya kuandika barua na vyeti kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka. Yeye alikuwa amezaliwa kusini mwa Ufaransa, kwenye vilima vya mawe ambako mdogo wake alibaki akilima mizabibu. Kila mwaka mdogo mtu alimtumia sanduku la chupa, na katika barua yake aliuliza jambo moja tu: divai imefikaje? Bahari imeifanya nini, jua limeifanya nini? Padri alikuwa amemjibu kwa miaka mingi. Lakini homa ya mwaka uliotangulia ilikuwa imemnyang'anya pua, na hakuwa na moyo wa kumwambia ndugu yake. Basi alitaka kuandika kwa pua yangu.

Pua ile nilikuwa nimeipata kwa baba. Baba alikuwa mtengenezaji wa rubisi, pombe ya ndizi, na kitongoji kizima kilijua mkono wake. Nilikua karibu na mtumbwi wa kukamulia, nikiona ndizi zilizoivishwa zikikanyagwa pamoja na nyasi, nikijua kwa harufu tu kama mtama ulikaangwa sana au kidogo, kama rubisi ni ya jana au ya juzi. Sikujua kwamba huo ni ujuzi. Nilidhani kila mtu anasikia hivyo.

"Hii siyo ya misa," padri alisema siku ile. "Ya misa ni nyeupe na haina utani. Hii ni grenashi. Ni jina la zabibu yenyewe."

Aliinua bilauri mbele ya karatasi nyeupe. Nilitegemea rangi ya damu nzito. Nikaona wekundu mwepesi unaopitisha mwanga, na pembeni, pale divai inapogusa kioo, umeanza kuwa kama tofali lililochomwa. Akanionyesha kuizungusha, kungoja, kisha kunusa. Alitaja tunda fulani la kwao ambalo wote husikia humo. Sikulijua tunda hilo. Mimi nilisikia mapera mekundu yaliyoanguka yakaanza kulainika, na nyuma yake pilipili manga, na nyuma kabisa nyasi za rweya, uwanda wetu usio na migomba, zinapokauka kabla ya kuchomwa moto. Nilimwambia hivyo hivyo. Akachukua kalamu.

"Mapera," akaandika. "Endelea."

Ulimini haikuwa na ukali unaokaza meno, ule wa utomvu wa ndizi mbichi. Ilipita laini, karibu tamu, na moto wake ulikuja baadaye, ukashuka kifuani kama mgeni mpole ambaye ukishamkaribisha hutambui lini amekuwa mwenye nyumba. "Ndiyo hatari yake," padri alisema. "Grenashi ina nguvu nyingi, na haikuambii." Akanisogezea bakuli la bati. "Sasa tema."

"Niteme?"

"Tuna chupa sita. Anayemeza ni mnywaji. Anayetema ni mwonjaji. Kutema si kusema ni mbaya."

Nikatema. Ya nne ilikuwa mbaya kweli. Niliijua kabla haijafika puani, ilikuwa na harufu ya kidonda kilichofungwa muda mrefu. "Hii imekufa njiani," nikasema, na padri akacheka kwa furaha, akanipiga begani. Sikuwa nimesifiwa hivyo tangu nitoke seminari. Nikaanza kutembea na daftari. Nikaanza kunusa kila kitu. Kahawa, mvua, kitabu cha ubatizo. Nilikuwa mjinga mwenye furaha, na sijui ujinga ulio hatari kuliko huo.

Sanduku la mwaka uliofuata lilishuka Bukoba na meli ya Mwanza, nikatumwa kulichukua. Dereva wa lori alikuwa Mwislamu wa mjini, babu yake alitoka pwani, na alilitazama sanduku kwa jicho moja.

"Humu mna nini, kijana?"

"Chupa za Padri."

"Za dawa?"

"Za... za Padri."

"Basi ni dawa. Mimi pombe sibebi. Dawa za Padri nabeba, na zikilia njiani nitajua zinaumwa."

Tulipita Kanazi, kahawa ikiwa imeanikwa uani kila nyumba, na hapo akaacha mzaha. Alisema wiki ile alikuwa amepeleka majembe na mabati Kimwani, kule chini tambarare, kwenye mbung'o, ambako kijiji kipya cha ujamaa kilikuwa kinafunguliwa.

"Majembe yapo. Mabati yapo. Watu ndio hawapo."

"Watakwenda," nikasema. Nilikuwa naamini ujamaa. Nilikuwa nimeandika hata shairi.

"Watapelekwa. Kila kitongoji kinatakiwa kutoa kaya, na kamati ndiyo inayoandika majina. Wanaanza na asiye na shamba. Wakikosa, wanamtafuta asiyepatana na majirani." Akabadilisha gia. "Wakija kwenu, wanywesheni vizuri. Ni vigumu mtu kuliandika jina la nyumba aliyokunywa akashiba."

Nilimfikishia baba maneno hayo. Jioni ile alikwenda kukata ndizi bora kuliko zote. Kibanja chetu kilikuwa kidogo, migomba na kahawa chini yake, na katikati makaburi ya babu na ya ndugu zangu wawili waliokufa wachanga. Kwetu mtu asiye na kibanja hana mahali pa kusimama anaposema jina lake. Baba hakuwa na cha kuwapa wale watu ila rubisi.

Walikuja Jumapili baada ya misa, watatu, wakiongozwa na mwenyekiti wa kamati, mtu mnene mwenye kicheko kizuri. Mama alitandika nyasi mpya sakafuni. Alileta kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo. Baba alijaza endeku, kile kibuyu cha shingo ndefu, akaifuta mdomo kwa jani la mgomba, akaninyooshea mimi, mwanawe mkubwa.

"Onja, mwanangu. Wageni wana kiu."

Hapa lazima nieleze. Kwetu kinywaji hakimfikii mgeni kabla mtu wa nyumba ile hajakinywa mbele ya macho yake. Si adabu tu, ni kiapo. Ukimeza umesema: kama mna kitu humu, kitaniua mimi kwanza. Nililijua hilo tangu utoto, kama ninavyojua kutembea. Na labda kwa sababu hiyo sikulifikiria.

Nilinusa. Nikavuta kidogo, nikazungusha mdomoni. Ilikuwa rubisi nzuri kuliko zote alizowahi kutengeneza, na nilitaka kuisema vizuri, nilitaka mwenyekiti asikie kwamba baba yangu ni fundi kama wale wa Ufaransa. Nikageuka mlangoni, nikatema nje.

"Moshi umezidi kidogo mwanzoni," nikasema, "lakini..."

Hakuna aliyesubiri hiyo lakini.

Kwanza kuku tu ndio waliosikika. Halafu mwenyekiti akacheka kile kicheko chake, kikafika nusu, kikasimama.

"Kijana wa parokia, rubisi ya baba yako ina nini?"

"Haina kitu, waitu," nikamjibu kwa neno letu la heshima, "haina kabisa. Naonja tu. Padri amenifundisha."

"Padri amekufundisha kutema kwa baba yako?"

Baba alininyang'anya endeku. Akanywa mbele yao, akanywa tena, pombe ikimtiririka kidevuni na kulowesha kanzu yake ya Jumapili, macho hayamtoki mwenyekiti. Alikunywa mpaka karibu iishe. Akaifuta mdomo, akajaza tena, akanyoosha.

"Karibuni, waitu."

"Ahsante, mzee. Tumetoka kunywa kwa jirani. Tumeshiba."

Walikaa kidogo, wakasema habari za mvua na bei ya kahawa. Walipewa kahawa ya kutafuna, wakaipokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Lakini hawakuitia mdomoni. Mmoja baada ya mwingine waliitumbukiza mfukoni.

Neno sumu halikutamkwa siku ile, wala siku yoyote mbele yetu. Halikuhitajika. Wiki iliyofuata waliokuwa wakija kunywa kwa baba walipita njia ya juu. Ilisemekana tumbo lilimsumbua mwenyekiti Jumapili ile. "Lakini hakunywa hata tone!" mama alimwambia mwanamke aliyeleta habari. "Ndiyo," yule mwanamke akajibu, "je, angekunywa?" Rubisi ilichachuka ndani ya mtumbwi. Baba akaimwaga kwenye migomba, na asubuhi yake akaenda kuikagua migomba ile, mmoja mmoja, kana kwamba hata yeye alikuwa ameanza kungoja kitu.

Nilikwenda kwa padri nikamweleza yote. Alishika kichwa. "Lakini kutema si kusema ni mbaya," akasema, kwa sauti ya mtoto. Jumapili alikuja kwetu kwa miguu na fimbo yake, watu wakamwona, akaketi uani akanywa endeku nzima, akameza kwa kishindo, akajipangusa mdomo, akawapungia waliokuwa njiani. Nilidhani ametuokoa. Kesho yake kisimani walikuwa wanacheka: sumu itampata wapi Padri, kila asubuhi anakunywa damu ya Bwana!

Baba alisema, "Umeniletea shahidi asiye na kaburi hata moja hapa. Kunywa kwake kunamhusu nani?"

Orodha ilisomwa uwanjani shuleni. Mwenyekiti aliisoma bila haraka. Kaya ya kwanza ilikuwa ya mjane aliyelima shamba la kuazima. Ya pili ya mtu aliyegombana na ndugu zake. Ya tatu ilikuwa yetu. Alitaja jina la baba, na la babu aliyelala chini ya migomba.

"Kimwani watahitaji mtu wa kuwatengenezea rubisi," mwenyekiti aliongeza. "Kule watu ni wageni, hawana habari." Watu wakacheka, wengine wakijificha nyuma ya viganja.

Baba hakunyanyua uso. Nilisimama.

"Aliyetema ni mimi," nikasema. "Niandikeni mimi. Mzee mwacheni kwenye kibanja chake."

Mama alinivuta shati. Mwenyekiti alinitazama kama mtu anayepima ndizi kwa mkono.

"Una nguvu za kulima, mwandishi wa parokia?"

"Ninazo."

"Sisi tunatafuta jembe. Mkono wa nani, hatuchagui." Akaiweka karatasi juu ya mgongo wa mwenzake, akafuta, akaandika. Ilikuwa kazi nyepesi kabisa.

Nilidhani nimelipa. Nilirudi nyumbani karibu na furaha, nikawaza kwamba kijiji kipya ni mwanzo mpya, kwamba nitafundisha watu kusoma, kwamba mwakani wanywaji watakuwa wamejaa uani kwetu tena. Siku ya kuaga nilikwenda kwa padri; alikuwa na chupa mbili zilizobaki na hakuzifungua. Alisema ataandika barua ya mwisho kwa ndugu yake, amwambie ukweli kuhusu pua.

Asubuhi ya lori mama alinifungia blanketi, jembe, na chipukizi la mgomba lililovikwa majani. Baba alikuwa amekaa ndani karibu na mlango.

"Huo mgomba hautashika," alisema. "Kule ni udongo wa nyasi tu, hauna rutuba."

"Nitautia samadi."

"Samadi ya ng'ombe gani?"

Barabarani honi ililia. Nilipiga magoti mbele yake kama mtoto, nikasema nililokuwa nimeliandaa usiku kucha: "Baba, sasa kibanja kimebaki chako. Watu watarudi kunywa."

Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile. Hakuwa na hasira. Heri angekuwa nayo.

"Watarudi?" akasema. "Watasema kijana aliyeijua siri amehamishwa ili asiiseme."

Honi ililia tena, mama akanisukuma taratibu kwa viganja viwili, nikainama kupita chini ya boriti na mzigo wangu, na kabla sijafika kwenye migomba ya kwanza baba alikuwa amefunga mlango.