Sindano ya Faraji

Nilipokuwa na miaka tisa, nyumbani kwetu Kariakoo kulikuwa na ugonjwa ambao haukutajwa jina. Mtoto anapata homa kali, macho yanageuka juu, mwili unakakamaa, kisha mikono na miguu inaanza kutikisika. Watu wengine waliuita degedege. Bibi yangu, mama yake baba, aliuita "kile kitu", tena kwa sauti ya chini, maana aliamini kuwa ukiutaja mbele ya mtoto unauita. Na lilikuwepo la pili, zito zaidi: mtoto mwenye kile kitu hachomwi sindano. Akichomwa, anakufa. Basi.

Msije mkadhani Bibi alikuwa mjinga. Alikuwa Mzaramo wa mjini, mwenye nyumba yake na ulimi wake, na hapakuwa na muuzaji pale sokoni aliyewahi kumuuzia nyanya mbovu akafanikiwa. Hilo la sindano hakuliokota barabarani. Aliliona kwa macho yake. Watoto wawili wa jirani, kwa nyakati tofauti, walipelekwa hospitali wakitikisika, wakachomwa sindano, wakarudishwa maiti. Bibi ndiye aliyesaidia kuwaosha. Mtu wa namna hiyo utamwambia nini?

Siku yenyewe ilikuwa mchana wa jua kali, nje machinga wanapiga kelele zao za kila siku. Baba alikuwa Mbeya kwa biashara, na simu za mkononi hatukuwa nazo. Mdogo wangu Faraji, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kukimbia, alishinda na homa tangu asubuhi. Mama alikuwa amembeba begani uani, mimi naosha vyombo, mara nikamsikia Mama anaita, "Faraji? Faraji, mwanangu?" Nikageuka. Macho ya mdogo wangu yalikuwa meupe matupu, na miguu yake inampigapiga Mama tumboni. Sahani ikaniponyoka.

Haikuchukua muda, Faraji akalegea. Bibi akatoka chumbani mbio na kaniki, akamfunika nayo, akamsomea Ayatul Kursiyu, akampulizia usoni.

"Mama Zuhura, jifunge khanga tuondoke," akamwambia Mama. "Kuna mzee Buguruni anawafukiza watoto. Akishatulia, hiyo hospitali mtaenda."

Mjomba Hashimu, mdogo wake Mama, alikuwepo. Alikuwa mwalimu wa sayansi wa sekondari, na mara nyingi alipitia kwetu kula chakula cha mchana. Akaja uani na wali bado uko vidoleni.

"Mama, nakuomba," akamwambia Bibi. "Hii ni malaria, imepanda kichwani. Mtoto aende hospitali, tena sasa hivi."

"Wakamchome sindano?"

"Wakamchome."

"Wale watoto wa jirani walikufa na nini?"

"Walicheleweshwa, mama. Walifika wameshakwisha. Sindano iliwakuta wanakufa, haikuwaua."

"Umejuaje? Ulikuwepo?"

"Sikuwepo. Lakini ndivyo inavyojulikana."

"Inajulikana na nani? Mimi nilikuwepo, Hashimu. Nimewashika kwa mikono hii. Wewe umesoma, mimi nimeona."

Mjomba, kwa kuwa ualimu ulikuwa umemwingia kwenye damu, akataka kufundisha. "Mama, hapo nje machinga wakianza kukunja nguo zao, haipiti muda mvua inanyesha. Sasa machinga ndio wanaoleta mvua?"

"Usinichezee akili, mtoto anaumwa! Na wewe mbona unaswali? Mungu naye mmempima huko shuleni kwenu?"

"Mungu ni Mungu, mama. Sindano ni sindano."

Leo nikiyakumbuka majibizano yale nacheka. Siku ile nilitamani mmoja wao anyamaze. Bibi hajawahi kunidanganya. Mjomba hajawahi kunidanganya. Kumbe watu wawili wasiosema uongo wanaweza kusema mambo mawili yasiyokaa pamoja, na katikati yao kuna mtoto amelala mdomo wazi! Nilikuwa nimeshika dodoki la kuoshea vyombo, naligandamiza kifuani, maji yananitiririka hadi miguuni. Nilijua kitu kimoja tu, kwamba mmoja wao amekosea, na kwamba tukimfuata huyo, Faraji tunamzika.

Mama alikuwa mke wa mtu kwenye nyumba ya mama mkwe, mume yuko safari, na katika nyumba ile hakuwahi kupingana na Bibi hata juu ya chumvi. Akambeba Faraji mgongoni, akafunga khanga kwa nguvu. "Zuhura, vaa ndala," akaniambia.

"Mnaenda wapi?" Bibi akauliza.

"Hospitali, mama."

"Na akifa?"

Mama akamweka Faraji vizuri mgongoni. "Akifa nitakuwa nimemuua mimi, mama." Tukatoka.

Mjomba akasimamisha teksi pale Msimbazi. Ndani ya gari, Mjomba akiwa mbele anagombana na dereva kuhusu foleni, Mama akaniinamia sikioni. "Tukifika, habari ya kile kitu usiiseme. Tutasema homa tu. Watampa dawa ya kunywa." Nikaitikia kwa kichwa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba Mama hakuwa amemwacha Bibi nyumbani. Alikuwa amempakia, tumekwenda naye.

Tulipofika hospitali, mlinzi akamzuia Mjomba mlangoni, mama wa mtoto tu ndiye anayeingia. Mimi nikapenya kwa sababu nilikuwa nimeng'ang'ania khanga ya Mama na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kunibandua. Daktari alikuwa dada mmoja mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Ana nini?"

"Homa," Mama akasema.

"Anatapika?"

"Hapana."

"Amepata degedege?"

Alilisema hivi hivi, waziwazi, mtoto yuko pale pale. Mama akatazama sakafu. "Hapana," akasema.

Daktari akachukua kalamu. Akaanza kutueleza habari ya vidonge, kwamba tukampe nyumbani, tumpanguse maji, tumrudishe kesho kama homa haijashuka. Nilimtazama Faraji. Midomo ilikuwa imemkauka, na kidole gumba kilikuwa kinajikunja chenyewe. Wallahi sikuwa na ujasiri wowote, na sikuwa nimeamua kwamba Mjomba ndiye mwenye haki. Niliogopa tu ile safari ya kurudi nyumbani.

"Amepata," nikasema. "Degedege. Alipata uani."

Mama aligeuka kunitazama. Kabla hajatia neno, Faraji akakakamaa kwenye mapaja yake, macho yakapanda juu, mwili wote ukaanza kutikisika. Pale pale! Neno halijapoa mdomoni mwangu. Nilikuwa nimeliita, na lilikuwa limekuja.

Daktari alimnyakua, akaita wauguzi, mmoja akamshika miguu, mwingine mkono. Niliiona sindano ikiingia. Mama alikuwa amejiziba mdomo kwa khanga, na mimi nilikuwa nimebana ukutani nikisubiri mdogo wangu afe. Mtikisiko ukapungua, ukapungua, ukakoma. Akawa kimya kabisa. Mama akapiga ukelele ambao sijausikia tena maishani mwangu.

"Mama, taratibu," muuguzi akasema. "Amelala. Tazama kifua."

Tukatazama kifua. Kilikuwa kinapanda na kushuka.

Jua lilikuwa linazama Bibi alipofika wodini na kapu lake la ukili. Alisimama mlangoni, haingii.

"Vipi?"

"Amelala, mama."

"Amelala, au?"

"Amelala. Anapumua."

Ndipo akaingia. Akaweka kiganja juu ya kifua cha Faraji, akakiacha pale muda mrefu, kisha akakaa chini sakafuni. Akaniambia nitoe chupa kwenye kapu. Nikatoa chupa ya uji wa ulezi na kijiko kidogo cha Faraji. Chini yake kulikuwa na bafta nyeupe, mpya, imekunjwa, ya kutoka maduka ya Mtaa wa Uhuru. Nilizaliwa Kariakoo na nilijua bafta ni ya nini. Nilijua pia kwamba maiti ya mtu mzima haitoshi kwenye kipande kile.

Bibi aliniona nimeona. "Funika," akasema. "Mpe mama yako chupa."

Sasa hivi nafundisha falsafa chuoni. Kila mwaka nasimama mbele ya vijana tunazungumzia imani, akili na maarifa, na kila mwaka wanataka niwachoree mstari, hapa linaishia hili, pale linaanza lile. Mjomba Hashimu mpaka leo anasema siku ile sayansi ilishinda. Bibi alisema mpaka anaingia kaburini kwamba kile kitu kilishaondolewa na kisomo, sindano ilikuta mtoto mzima. Mimi najua homa ndiyo iliyomtikisa Faraji, na kwamba neno langu halikuleta kitu. Najua kabisa, ningeweza kulitetea jambo hilo mbele ya maprofesa. Na mwanangu akipata homa, hilo neno halinitoki mdomoni. Nafoka nikimsikia mtu analitaja chumbani kwake, halafu najionea aibu.

Lakini kinachonisumbua zaidi si hicho. Nikiwa mwaka wa pili chuoni, nikajipa moyo nikamuuliza Bibi.

"Bibi, ile siku ulijua Faraji atakufa?"

"Nilijua."

"Kujua kabisa? Huna shaka?"

"Ningenunua bafta ya nini?"

"Sasa ule uji?"

Bibi alinitazama kwa huruma, mjukuu wake msomi.

"Na asipokufa je, Zuhura? Si ataamka na njaa?"