Migongo Iliyopinda ya Samaki Wangu

Mke wa shemeji yangu alipoolewa alikuja na beseni la kuogea. Wenzake huja na kabati na meko ya gesi. Yeye alishushiwa kutoka kwa lori beseni zito la chuma lenye miguu minne, lililoachwa na mzungu kwenye shamba alilogawiwa babu yake, kule juu njia ya Olenguruone. Ng'ombe wa kwao walikuwa wakinywea maji humo. Siku hiyo nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Tunakaa ploti moja hapa Kiamunyi, nyumba yangu mbele na yake nyuma, kwa sababu waume zetu ni ndugu. Tulijifunza pamoja kutotolesha vifaranga wa kambare. Samaki wazazi tulinunua pamoja, na maji tunachota kisima kimoja, kile kinachotupaka meno rangi ya chai. Lakini mayai yake yalipoanguliwa, vifaranga wake walitoka wanyoofu, wakakimbia huku na huku kama watoto waliofunguliwa shule. Wangu walitoka wamepinda. Huyu mgongo umevunjika katikati, yule mkia umejikunja kama ndoano, tumbo limevimba, anazunguka palepale mpaka anakufa. Nilikuwa nikiwatoa kwa kichujio cha chai na kuwamwagia kuku.

Wivu wa nguo naujua, wa mume pia naujua, lakini wivu wa samaki ulikuwa mpya kwangu, na ulinishika vibaya. Nikimsikia akiimba pambio kule nyuma, nilijua ameangua wengine. Mama mkwe alipokuja kututembelea kutoka Magharibi, alipita mlango wangu na kikapu chake kichwani, akaenda moja kwa moja kuona samaki wa nyuma. Chai yangu aliinywa imepoa.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mimi ndiye niliyekuwa najituma. Asubuhi za Kiamunyi ni baridi, na mayai ya kambare yanataka joto. Nimekulia nyumba ya wafuga kuku; kwetu vifaranga waliwekewa mitungi ya maji moto wasife baridi, kwa hiyo joto si jambo la kunifundisha. Nilikusanya chupa za soda na madebe ya plastiki ya mafuta ya kupikia, nikayajaza maji, nikayalaza juu ya mabati, nikayafunika na karatasi kuukuu za nailoni kutoka mashamba ya maua. Jua likiwaka mchana kutwa, maji yalikuwa vuguvugu safi, nami nikayamimina kwenye beseni langu jipya la plastiki ya buluu. Mwenzangu wa nyuma alichemsha maji kwa kuni, sufuria baada ya sufuria, macho mekundu kwa moshi. Nilimwona mshamba.

Basi akaja mnunuzi kutoka Mai Mahiu. Aliwahi kuwa afisa wa uvuvi, sasa ana mabwawa yake mwenyewe, na alitaka mtu mmoja tu wa kumletea vifaranga kila msimu. Kazi hiyo niliitaka kuliko kitu chochote, na nilitaka mwenzangu aikose. Yule bwana akainama juu ya beseni langu na lenzi yake.

"Mathe, hii maji unapashia wapi joto?"

Nikamwonyesha chupa zangu juu ya mabati, kwa fahari. Akazitazama, akavuta pumzi.

"Plastiki ikichomwa na jua inaachilia kemikali zake kwa maji. Samaki mkubwa anaweza vumilia. Lakini ndani ya yai ndiyo moyo unajengwa, uti wa mgongo unajengwa. Kemikali kidogo tu inaharibu hiyo kazi yote. Siwezi kuapa bila kupima kwa maabara, lakini toa plastiki kwanza. Nitarudi wiki ijayo nichague mtu."

Mke wa shemeji yangu alikuwa amesimama pale, anasikia kila neno. Angenicheka ningepona. Badala yake akasema, "Dada, si ulete mayai yako kwa beseni langu? Wangu wameshatoka, nimewahamisha."

Nikapeleka mayai mapya, kwa sababu kazi niliitaka. Alinichemshia maji mwenyewe, akayatia polepole huku akijaribu joto kwa kiwiko, kama anayemwogesha mtoto. Nilisema asante. Moyoni nilitaka samaki wangu wapinde hata humo. Wakipinda, basi ubaya uko kwa samaki, si kwa mikono yangu, na yeye hajanishinda chochote.

Walianguliwa kesho yake, wanyoofu wote. Nilipiga magoti kando ya lile beseni la chuma nikitafuta kilema, mmoja tu, nikawafuata kwa macho mpaka machozi yakanitoka.

"Wametoka wazuri?" akaniuliza kutoka jikoni.

"Wazuri," nikasema, na neno lenyewe lilitoka kama jino linalong'olewa.

Mnunuzi aliporudi aliwamulika kwa lenzi yake, akatabasamu, akasema hajaona vifaranga kama hawa Nakuru nzima. Nikamwambia ni wangu. Akapapasa ukingo wa beseni, akageuka huku na huku.

"Na hii beseni ni ya nani?"

Nikamwonyesha kwa kidole mke wa shemeji yangu, aliyekuwa mlangoni pa jikoni lake. Akaenda kuongea naye habari ya kazi.