Mayai ya Mwokaji Hayakuumuka

Mkewe alipofariki alimwachia nyumba ya vyumba viwili, nguo zilizokunjwa vizuri, na kuku. Nguo alimpa binti yao azigawe. Nyumba aliimudu. Kuku ndio waliomtoa jasho.

Alikuwa mwokaji. Umri wake wote ameumalizia kwenye tanuri la mikate, anatoka watu wakitandika vitanda, anarudi watu wakienda kazini, kope zimejaa unga kama mtu aliyezeekea njiani. Akifika anaoga, anakula, anajifunika shuka gubigubi, basi. Mambo ya mchana hakuyajua sana. Kuku walikuwa wa mkewe kama tanuri lilivyokuwa lake, na hakuna aliyemwingilia mwenzake kazi.

Walikuwa kuku wachache, wote mitetea, na wote mkewe alikuwa amewapa majina. Karani, kwa sababu hakuna kitu kilichoingia uani asikikague. Shangazi, kwa sababu alikuja bila kuitwa na hakushiba. Mpole, ambaye hakuwa mpole hata kidogo. Na wengine waliofuata mkumbo. Jogoo hakuna. Mtu akiuliza, mkewe alikuwa na jibu lake moja.

"Jogoo ni mpangaji asiyelipa kodi. Hatagi, anakula, halafu anapiga kelele."

Watu wanacheka, mwokaji naye anacheka, mambo yanaishia hapo.

Wageni wa msiba walipotawanyika, akabaki yeye na ua. Kazi alikuwa ameshaiacha, magoti yalimkatalia, lakini mwili ulikuwa haujaambiwa. Saa ya kuingiza mikate tanurini ilipofika, macho pima. Anakaa ukingoni mwa kitanda, upande wake, mpaka kuche. Kukikucha anafungulia kuku, anawamwagia pumba, anabadilisha maji. Karani anamtazama kwa jicho moja, kisha kwa jingine, kama mtu anayekagua cheti chenye mashaka.

Kisha Mpole akaatamia.

Alianza kugoma kutoka kwenye kiota. Ukimsogelea anatutumua manyoya, ananguruma tumboni. Mwokaji alimtazama siku mbili tatu, akafurahi. Ilikuwa mara ya kwanza kitu kizuri kutokea kwenye nyumba ile tangu msiba. Akakusanya mayai ya wenzake akamwongezea. Akafunga mlango wa banda upepo usipite. Akaenda kabatini akatoa kile kitambaa cheupe cha kufunikia unga, akakitandaza juu ya kiota, kuku na mayai yake ndani, akaacha nafasi ya kichwa tu. Kazi aliyoijua ilikuwa hiyo. Unga ukishaukanda huusumbui. Unaufunika, unauweka pahali pa joto, unakwenda zako. Ukirudi umeumuka wenyewe.

Akampigia simu binti yake.

"Tutapata vifaranga."

"Vifaranga, baba?" Binti alikaa ghorofani, mayai yeye hununua kwa trei. Kila alipopiga simu alikuwa na neno lile lile, kwamba baba awauze hao kuku ahamie kwake. Leo akaona furaha ya baba yake si ya kuikatiza. "Hongera."

Siku zikapita, nyingi kuliko zinazotakiwa. Mpole akakonda, upanga wake kichwani ukapauka. Kifaranga hata mmoja hakuna. Badala yake ikaja harufu.

Harufu ile iliruka ukuta ikamfikia Mama Cherehani, fundi wa nguo wa nyumba ya pili. Alikuwa mwanamke wa rika la mkewe, sauti yake ilikuwa kubwa kuliko umbo lake, na alikuwa amekaa pale tangu yeye na marehemu walipokuwa maharusi. Akachungulia juu ya ukuta, sindano imechomekwa kifuani pa gauni.

"Shemeji! Kuna kitu kimekufa huko kwako?"

"Hakuna."

"Basi kuna kitu kinakufa. Ngoja nije."

Akaja. Akainua kitambaa, akatoa yai moja, akalitikisa sikioni. Likalia majimaji. Akalitikisa la pili. Kisha akasimama katikati ya ua, akaanza kuwatazama kuku mmoja mmoja, kama anayehesabu watu kwenye karamu akakuta mwenye karamu hayupo.

"Shemeji, na mume wao yuko wapi?"

"Mume wa nani?"

Mama Cherehani alishika mbavu. Alicheka mpaka sindano ikamchoma.

"Wewe mwanamume una mtoto! Ulimpataje? Ulimfunika kitambaa?"

Mwokaji alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alitazama kitambaa cha unga, akatazama mayai. Kicheko kikamtoka bila kukiita, kikavu, kama mlango uliofungwa muda mrefu.

"Hamira," alisema. "Nimesahau hamira."

"Umesahau hamira, shemeji yangu! Yote viza haya."

Wakachimba shimo wakayafukia, kitambaa wakakitundika kwenye msumari. Mpole akarudi kwenye kiota kitupu, akalalia nyasi. Kicheko kikaisha.

"Sasa yeye alikuwa anafanyaje?" mwokaji akauliza. Hakumtaja mkewe kwa jina, wala hakuhitaji. "Huyu Mpole kaanguliwa humu humu. Na mama yake pia."

Mama Cherehani alimtazama.

"Hujui?"

"Nilikuwa nimelala."

"Ndiyo. Ndiyo maana hujui." Akaketi kwenye kizingiti cha banda. "Alikuwa anawaleta kwangu. Kuku akitaka kuatamia, wenzake wanaotaga anawabeba kwapani, kwa zamu, anawaleta kwa jogoo wangu. Wanakaa siku kadhaa fungate, anawarudisha. Asubuhi, wewe unakoroma. Jua kali, mvua, yeye na kuku wake kwapani. Nilimwambia, dada, si ununue jogoo upumzike? Ananijibu mambo ya kodi."

"Hakupenda jogoo."

"Nani kakwambia? Alikuja hapa na jogoo, kutoka kwao, siku zile mmeoana. Mwekundu, mzuri, anatembea kama mwenye mtaa. Wewe ukarudi kazini, ukalala, jogoo akawika dirishani. Ukatoka ukakaa nje, macho mekundu kama nyanya. Hukusema neno. Kesho yake hivyo hivyo. Basi akanipitishia yule jogoo juu ya ukuta huu. Akasema, mume wangu hasemi, lakini mimi namwona."

Mwokaji alijaribu kumkumbuka yule jogoo. Hakumkumbuka. Alikumbuka usingizi tu, mzito, mtamu, asubuhi baada ya asubuhi, na nyumba imetulia tuli. Alidhani nyumba za watu wote zilitulia hivyo.

"Nami nina habari," Mama Cherehani akasema, sauti imeshuka. "Mwanangu anakuja kunichukua mwisho wa mwezi. Macho haya hayatungi uzi tena. Kuku wangu nawauza wote. Huyu jogoo wangu kama unamtaka, mchukue kabla hajaliwa. Ni wa uzao wa yule mwekundu. Labda. Kuku hawana vyeti."

"Na nisipomchukua?"

"Majogoo wengine wote wako mbali, na wewe magoti huna. Hawa wako watazeeka, wataisha, mmoja mmoja. Utakuwa umewafuga tu mpaka mwisho."

Alikwenda zake. Mwokaji alibaki juu ya ndoo.

Jambo lenyewe lilikuwa dogo. Jogoo. Watu wananunua jogoo kila siku hawakosi usingizi kwa kufikiri. Lakini kila alipotaka kunyanyuka aende ukutani, miguu inagoma. Mkewe alimtoa jogoo kwa ajili yake, akabeba kuku kwapani umri mzima asiseme. Leo yeye, udongo wa kaburi haujashika vizuri, amrudishe? Ni kama kumwambia kazi yako haikuwa na maana. Akiacha, basi kuku wake, aliowapa majina, wanakwisha. Kokote alikogeukia kulikuwa na kumpoteza tena.

Siku zikaenda. Mama Cherehani akaanza kufunga mizigo. Sauti ya cherehani ikakoma nyuma ya ukuta. Hakumuuliza tena, ila kila jioni alimtoa yule jogoo na kumfunga mguu kwenye kidato cha juu cha ngazi iliyoegemea ukutani, mahali ambapo mtu aliyekaa juu ya ndoo upande wa pili lazima aone kichwa chake.

Jumapili binti akaja. Alifagia, akapika, akaona baba yake anakula huku anatazama ukuta.

"Baba, twende kwangu. Kuna chumba."

"Nitafikiria."

Katika familia ile neno hilo maana yake ilikuwa hapana, na wote wawili walijua.

"Kwani unafikiria nini siku zote hizi?"

"Jogoo."

Akamweleza. Alieleza kwa maneno machache, akaruka mengine, lakini binti alizoea kumsikiliza baba yake hata pale asiposema. Alipofika kwenye habari ya kuku kwapani, binti akaweka kijiko chini.

"Mimi nilimwona," alisema. "Nilipokuwa mdogo. Nilidhani anawapeleka kutembea."

Nje Shangazi alikuwa amesimama mlangoni, shingo ndani, akingoja mtu aangushe chochote.

"Lakini baba, jogoo wa nini? Atakuamsha alfajiri yote."

"Nimeshaamka."

"Sasa hivi, ndiyo, lakini alfajiri..."

"Nasema alfajiri. Tangu aondoke sijalala ikapita ile saa. Nakaa tu." Alisukuma sahani. Maneno yalikuwa yanamtoka kama mtu anayetafuta njia kwa miguu. "Mama yako alikuwa analinda usingizi. Usingizi wenyewe umekwenda naye. Sasa jogoo akibaki ng'ambo ya ukuta, humu ndani analindwa nani?"

Mwokaji mwenyewe alijisikia alivyosema, akainuka. Magoti yakalia. Akaenda mpaka ukutani.

"Shemeji!"

"Nilidhani umekufa huko!" Mama Cherehani alitokea upesi mno kwa mtu anayefunga mizigo. "Unasemaje?"

"Nipe."

Akampitishia juu ya ukuta, pale pale. Alikuwa jogoo mwekundu, mzito kuliko alivyotegemea, na moyo wake ulikuwa unamdunda mkononi.

Maisha mapya hayakumpokea kwa ngoma. Karani alimkagua, akamkuta na makosa, akamtandika. Shangazi akamlia chakula mbele ya macho yake. Jogoo mzima na kilemba chake akajibanza nyuma ya pipa la maji, mkia umeshuka. Na hakuwika. Siku ya kwanza kimya, ya pili kimya. Mwokaji alikuwa macho saa yake ile ile, amekaa ukingoni mwa kitanda, anasikiliza. Kimya.

"Umenipa bubu," alimwambia Mama Cherehani siku ya kuondoka kwake, cherehani ikiwa juu ya mkokoteni, imefungwa kamba kama mgonjwa.

"Bubu! Kwangu alikuwa hanyamazi. Kakutana na wakwe, huyo. Mpe muda." Akamshika mkono, akaushikilia. "Na wewe jipe muda, shemeji."

Mkokoteni ukakata kona. Nyuma ya ukuta pakawa kimya pia.

Jumapili iliyofuata binti alikuja mapema. Alikuta mlango umefungwa. Dirisha limefungwa. Kuku wako ndani ya banda, wanalalamika, jua limeshapanda ukuta. Baba yake hajawahi kuchelewa kufungulia kuku. Alipiga hodi, akapiga tena. Akagonga kwa ngumi.

"Baba! Baba!"

Ndani kitanda kikalia. Miguu ikaburuta. Mwokaji akafungua, shuka mabegani, alama ya mto shavuni kama ya mtoto.

"Kuna nini? Nani kafa?"

"Jua limetoka, baba! Nimegonga mpaka majirani wamechungulia. Na huyo jogoo wako anapiga kelele tangu nashuka kituoni, mtaa mzima unamsikia!"

"Jogoo?"

"Hujamsikia?"

Kama aliyeitwa, jogoo akawika. Alikuwa bandani, chini ya dirisha la chumba cha kulala. Sauti ile ilipasua ua, ikagonga mabati, ikarudi. Mwokaji alisimama mlangoni akaisikiliza mpaka ikaisha.

"Nilikuwa nimelala," alisema.

Akakaa kwenye kizingiti. Mabega yakaanza kumcheza, na binti, ambaye hakujua kama analia au anacheka, akaketi kando yake.

"Mama yako," mwokaji akasema alipopata pumzi. "Kuku kwapani. Mvua, jua. Na mimi kumbe wa kulala tu hata tarumbeta ipigwe."

"Siku zile hukulala, baba. Si kasema Mama Cherehani?"

"Siku zile nilikuwa kijana. Angejaribu tena baadaye." Akajifuta uso kwa ncha ya shuka. "Lakini angejaribuje. Sikusema kitu. Ningesema, angejua."

Jogoo akawika tena.

"Sasa huyu utamfanyaje?" binti akauliza. "Jirani mpya akija atalalamika."

"Mwache. Ndiye aliyenilaza; nilikuwa nikingoja awike, usingizi ukanichukua."

Aliinuka akavaa, akaenda kufungua banda. Karani akatoka wa kwanza, kama kawaida, na jogoo akampisha. Mwokaji alipita kwenye viota, akachagua mayai yaliyotagwa tangu jogoo aje, akayafuta vumbi kwa kidole, akayaingiza chini ya Mpole moja moja. Mpole akanguruma, akamdonoa mkono, akayavuta kwa mdomo mpaka yakamkaa.

Kitambaa cha unga kilikuwa bado kimening'inia kwenye msumari. Mwokaji alikichukua, akakikung'uta, akakikunja mara mbili, akakirudisha kabatini.