Nimetengeneza stelingi ya lori la jeshi, nikasahau mikono ya mwenyewe

Wakuu, salamu kutoka Kasulu. Ninachoandika kimetokea wiki hizi mbili na mimi ndiye niliyekosea, kwa hiyo sina cha kupamba.

Mimi ni fundi wa magari makubwa. Kuna mzee wa Kumsenga, kule Kibondo, ana lori la zamani la jeshi, lile la pua ndefu. Alilinunua mnadani enzi hizo mimi bado nachezea matope. Analibebea maharage na ndizi kuleta soko la Kasulu.

Shida ilikuwa stelingi. Unazungusha usukani nusu mzunguko, tairi zimenyamaza tu.

Mkewe akagoma kulipanda. Mwaka mzima mzee anakuja na lori, mama anakuja na basi, wanakutana sokoni kama wageni.

Mzee akaniambia, "Fundi, tengeneza, mke wangu arudi kwenye siti yake."

Nikafungua. Yesu na Maria! Ndani ya steering box, lile boksi la gia za usukani, nikakuta mawese. Ndiyo, haya haya ya kupikia! Eti oili ilimwishia njiani, akatia alichokuwa nacho. Bush za kwenye viungo zimekwisha, tie rod ends, zile ncha za vyuma vinavyogeuza tairi, zinacheza kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza.

Spea za kale zile utazipata wapi? Bush nikachongesha Kigoma, vingine nikavitoa kwenye mzoga wa lori Kakonko. Siku tisa. Nikalijaribu mwenyewe, usukani unaugusa tu, tairi zinaitika. Nikajiona injinia.

Mama akaja, akalizunguka lori, akapanda. Mimi nikakaa upande wa mlango. Mzee akawasha.

Kona ya kwanza tu, wakuu.

Miaka yote mzee amezoea kuianza kona mapema, anazungusha nusu ya bure, ndipo lori ligeuke. Mwenyewe anasema, "Hili unaliita kwanza." Na mimi kwa sifa zangu sikumwambia kitu. Akazungusha vilevile. Lori likaruka mtaro, likalaza migomba miwili, likasimama limekanyaga mkeka wa muhogo ulioanikwa. Mwenye muhogo alikuwa hatua tatu kutoka kwenye bampa, kashika ungo.

"Kwani barabara hamkuiona?" akauliza.

Tukashuka wote watatu, tukaokota muhogo. Mama alipomaliza akachukua kikapu chake, akaenda stendi. Iliniuma kuliko kama angenitukana.

Siku mbili nikashinda na mzee uwanja wa mpira. Nimepanga madebe, yeye anazunguka. Mzee mwenye wajukuu ananiambia, "Mikono haisikii, mwanangu." Siku ya kwanza aliyaponda madebe yote. Ya pili, jioni, akapita bila kugusa hata moja. Nilishangilia peke yangu pale uwanjani.

Leo mama kaja sokoni na basi lake. Mzee akamwomba arudi naye. Mama akanigeukia mimi.

"Fundi, wewe ungempandisha mama yako?"

Nikasema ndiyo. Akapanda. Wameondoka saa sita, na tangu hapo sijashika spana. Naandika hivi simu iko mkononi, nawaza ule mteremko wa mto Malagarasi, njiani kwao.

Nilichojifunza: gari likikaa na ubovu miaka mingi, dereva naye anajizoeza kuufuata. Ukiondoa ubovu, mpe muda wa kujifunza upya kabla hujampakiza mtu.

Mafundi mliomo humu, nyie huwa mnafanyaje? Na anayetaka kuniponda aponde tu, leo nastahili.

UPDATE, saa tisa na nusu: Mzee kapiga! Mungu ni mwema jamani, nimekaa chini hapa juu ya tairi, machozi yananilenga. Stelingi hata hakuitaja. Alikuwa ananong'ona:

"Fundi, tumefika nyumbani. Mama yako kalala tangu Malagarasi, sijui nimwamsheje."